Ukili wa Mwanamkuu

Baba alikataa kuvua viatu.

"Mimi navua viatu msikitini na nyumbani kwangu," alimwambia binti wa mapokezi. "Hapa ni wapi katika hizo?"

Yule binti akanitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyemzaa huyu mzee. Nikainama, nikamfungulia kamba mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa ananipa kazi. Gari lilipokuja kutuchukua aliligomea kwa kuwa halina dereva, mpaka nikakaa kiti cha mbele nikajifanya ndiye ninayeliongoza. Njiani akaulizia kofia yake ilhali ilikuwa kichwani. Sikumjibu vibaya. Namjua, baba akiingiwa na woga hugomba.

Na woga alikuwa nao. Tangu mama afariki nilikuwa namwambia twende makumbusho, mama yumo mle, mikono yake imo mle kama ilivyokuwa, na yeye hataki hata kusikia. "Mwanamkuu nimemzika," alikuwa akisema. "Nimeshuka kaburini kwa miguu yangu hii, nimempokea. Huko mnakokwenda mnachezea umeme." Akishasema hivyo anawasha redio, na mazungumzo yamekwisha.

Kilichombadilisha ni macho. Presha ya macho ilikuwa inamla kimyakimya kutoka pembeni, na alipokubali kwenda hospitali kilichobaki kilikuwa tundu dogo la katikati, anatazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Daktari hakumficha. Alimwambia hata hilo tundu litafumba, na dawa imeshachelewa. Tuliporudi nyumbani, baba akakaa barazani. Nikamletea chai ikapoa. Kisha akasema, "Saumu, nipeleke nikaione mikono ya mama yako kabla sijafunga duka."

Nilifurahi, wallahi. Ndiyo aibu yangu ya siku ile, nilikwenda pale nimefurahi.

*

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya ghala la zamani la mkonge hapa Tanga, na hata leo ukiingia unasikia harufu ya katani chini ya harufu ya viyoyozi. Kwanza kuna chumba kinachosikiliza. Ukisema neno, rangi zinashuka darini kwa kufuata sauti yako. Baba akakohoa, dari nzima ikawa nyekundu, naye akaiomba radhi. Cha pili ni cha maua yanayoota ukutani unapoweka kiganja, na humo watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele za kutosha kuamsha wafu. Tulipita haraka.

Chumba cha Ukili, ule utepe wa majani unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, kiko mwisho, na hakina kelele. Kilitengenezwa ule wakati ugonjwa ulipomaliza mikindu pwani yote, pasibaki hata jani la kusuka kawa la kufunikia chakula. Mikeka ikawa ya plastiki, ya kupigwa na mashine, na wasukaji wakazeeka mikono imekunjwa mapajani. Watu wa makumbusho wakamtafuta msukaji wa kuufundisha mtambo wao, wakampata mama. Akakaa mle miezi, kavishwa bangili za kusoma vidole, anasuka miale ya mwanga badala ya ukindu. Alikuwa akirudi nyumbani anacheka kwamba kapata mwanafunzi asiyesikia njaa wala kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ukili wa mle hauna mwisho. Aliyekuja leo anaanzia alipoachia wa jana, na ulishatambaa sakafu yote ukapanda kuta. Ukikaa kwenye jamvi na kuvaa bangili, mbele yako gizani inatokea mikono miwili ya mwanga. Haina mwili wala uso. Inashika upande wake, wewe unashika wako, mnasuka pamoja. Mikono hiyo ni ya mtambo, lakini mtambo nao umejifunza kwa watu, na mtu wa kwanza kabisa alikuwa mama.

Mama alianguka kwa ugonjwa wa moyo akiwa jikoni, ukili wake wa mwanga hajaumaliza. Baada ya arobaini nilikwenda pale mara moja, nione tu. Ile mikono ikatokea, ikavuta mwaa, yaani jani moja la kusuka, kwa ule mvuto wa mama wa kubana kisha kulegeza kidogo, nikalia mpaka bangili zikaanza kulia nazo kwa kuona mapigo ya moyo yamepanda. Tangu hapo nikawa mtu wa kwenda. Nafunga saluni jioni, naacha wenzangu wanahesabu mauzo, nakwenda kukaa na mama yangu. Watu walinisema kwamba sina mume kwa sababu hiyo. Wacha waseme.

Basi siku ile nikakaa kwenye jamvi, baba nikamketisha kwenye kigoda karibu kabisa, nikavaa bangili. Mikono ikatokea.

"Huyo, baba," nikamnong'oneza. "Huyo hapo."

Baba akawa anageuza kichwa huku na huku kuitafuta kwa lile tundu lake, akaipata, akatulia. Tukasuka. Mwaa juu, mwaa chini, bana, legeza. Nilisikia anavuta pumzi na kuzishikilia. Nikajua analia, nikaona haya kumtazama.

Hakuwa analia.

"Mama yako alikuwa na kidole kibovu?" akauliza.

"Kidole gani?"

"Hicho cha mwisho. Mbona kimesimama?"

Nikaitazama ile mikono. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimesimama peke yake, kimejitenga na wenzake, kama cha mtu anayejidai na kikombe cha chai. Kisha nikautazama mkono wangu. Changu kiko hivyo tangu kioo cha saluni kiliponikata mshipa, na mama alikuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akinifunga bendeji. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vizima vyote mpaka anaoshwa.

"Huyu si Mwanamkuu," baba akasema. Hakusema kwa hasira. "Huyu ni wewe."

"Ni mama, baba. Itazame vizuri."

"Nimelala na mikono ile miaka yote, Saumu. Imenipaka dawa, imenipiga kibao siku moja, nikastahili. Unadhani siijui? Mama yako akisuka, dole gumba lilikuwa linatangulia. Hili linafuata. Wewe ndiye dole gumba lako linafuata, hata vitumbua ulikuwa unageuza hivyo."

Nikaiachia miale. Ile mikono haikuondoka. Ilibaki hewani inanisubiri, kidole kimesimama.

"Nilikuwa nairekebisha tu," nikasema, na sauti yangu haikunipendeza. "Mchana wanaingia watoto, wanavuta ovyo, ikawa inakosea. Inaruka mwaa. Nikija jioni nafumua, naionyesha tena. Mama hasuki hivi, mama anasuka hivi. Ili isimsahau."

"Ukairekebisha kwa mkono wa nani?"

Nikauficha mkono wangu mapajani.

"Kwetu msukaji akifa kaacha ukili haujaisha, hauendelezwi," baba akasema. "Unafungwa fundo, unawekwa darini. Alikufundisha mwenyewe, nikiwapo. Alipofariki bibi yako, ukili wake nani aliyeufunga?"

"Mimi na mama."

"Sasa wa mama yako?"

"Huu ni mwanga, baba. Si ukindu. Nilidhani huu hauhusiki."

Akapapasa magoti yake, akainuka, akaomba apelekwe nje kwenye benchi akapate hewa. Nikamkalisha pale, nikaenda kumtafuta mtu wa kumlaumu.

*

Aikande ndiye mtunza mitambo wa makumbusho. Ni binti wa Kichaga, mpole, anayekunywa maziwa mgando kazini. Tulishazoeana kwa kuonana jioni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kufoka.

"Dada Saumu, mle hayumo mama yako wala humo wewe," akasema. "Kuna mazoea tu. Mtambo unampa uzito mtu anayekaa sana na anayesuka kwa mpango. Mama yako alikaa sana. Wewe umekaa kuliko yeye."

"Basi nitoe. Ondoa vya kwangu, acha vyake."

"Haiwezekani. Vimeshachanganyika. Nani anaweza kutoa maziwa kwenye chai?"

Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akimbeba mgonjwa na kumbe anamkaba. Kila jioni ile niliyotoka pale moyo umetulia, nilikuwa nimemtoa mama kidogo nikajiweka mimi. Nani mwingine angeweza kufanya hivyo? Watu wa kuja kucheza wasingeweza, hawajui kusuka. Ilihitaji mtu aliyefundishwa na yeye mwenyewe.

Aikande akafunga mlango.

"Kuna nakala," akasema. "Tuliihifadhi mwezi ule aliofariki, kwa ajili ya dharura, chumba kikiharibika. Sitakiwi kuigusa bila sababu. Lakini naweza kusema kimeharibika. Nimemwona mzee. Nikiirudisha sasa hivi, akiingia tena atamkuta mkewe."

"Rudisha."

"Subiri nimalize. Nikiirudisha, kilichoingia baada ya hapo kinafutika chote."

"Nini kimeingia? Vidole vya watoto wa kuvutavuta. Na vifutike."

Alikigeuza kioo cha kompyuta yake, nikaona benchi la nje. Baba alikuwa pale, na kando yake ameketi mwanamke wa makamo yangu, kajifunga kanga, anammenyea baba chungwa.

"Unamjua yule?"

"Namwona mara nyingine nikija mapema. Simjui."

"Ni mama Husna. Husna alikuja na shule yao, akakipenda kile chumba, likizo nzima akawa anamsumbua mama yake amlete. Hakujua kusuka. Alikuwa anasuka, anasuka, anaruka mwaa mmoja, anacheka, anaurudia. Kila mara palepale. Baadaye akashikwa na homa, hakuamka tena." Aikande akakirudisha kioo upande wake. "Ile mikono inaporuka, ni yeye."

Naujua ule mruko. Ndio niliokuwa napigana nao. Nilikuwa nikiuona nafyonya, nafumua, nauonyesha mtambo namna ya kupita bila kuruka.

"Zamani ulikuwa unatokea mara kwa mara," Aikande akaendelea. "Mama Husna anakuja asubuhi, haigusi mikono, anaitazama tu ikisuka yenyewe. Ikiruka, anafurahi. Siku hizi anaweza kukaa mpaka adhuhuri isiruke hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia usije kwa mama yako?"

"Anajua kama ni mimi?"

"Hajui. Anadhani mtambo unachakaa. Aliwahi kuniuliza kama tunaupaka mafuta."

Nilitaka kumchukia Aikande kwa kunipa jambo lile nilishike mimi, wakati funguo anazo yeye. Akasema tu kwamba mzee ameshafika, na kama ni kurudisha, ni leo. Nikamwambia anipe nafasi nipumue.

*

Nje baba alikuwa anakula chungwa, juisi inamtiririkia mkononi. Alipofuta kidevu alikosea akafuta hewa. Mama Husna akamfuta kwa upindo wa kanga, kama amemzoea miaka.

"Karibu dada," akaniambia. "Mzee ananiambia mmemfuata mama."

"Ndiyo. Na wewe?"

"Nimemfuata mwanangu." Akatabasamu kwa haya. "Lakini naona leo hakuja. Labda kwa kuwa kuna watu wengi."

Nitasema nilivyowaza, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Niliwaza kwamba huyu bado kijana, ana macho mazima, anaweza kuzaa mwingine. Niliwaza kwamba baba ana tundu moja tu, linafumba, na mtu aliyesuka kwa miaka yote ile hawezi kufutwa ili abaki mtoto aliyekuwa akikosea. Nilimtaka mama. Nilimtaka mpaka meno yaliniuma. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka kurudi kwa Aikande.

Mama Husna akachukua maganda ya chungwa, akayakunja ndani ya karatasi, akauliza, "Eti dada, wewe unajua kusuka? Mzee amesema unajua. Ule mruko anaofanya mwanangu, unaitwaje?"

"Hauna jina," nikamwambia. "Ni kukosea tu."

"Ahaa," akasema, akacheka kidogo. "Basi ni yeye."

Nilirudi mpaka mlangoni kwa Aikande, nikamwambia asiiguse ile nakala. Isije ikadhaniwa nilifanya hivyo kwa wema. Mama nilishammaliza mimi mwenyewe kwa mikono yangu bila kujua, na sasa nilikuwa naombwa nimmalize mtoto wa mtu huku najua. Sikuweza. Kama nisingefika pale benchini, ningeweza.

Niliporudi baba alikuwa ameshausikia mwendo wangu.

"Yule binti kasemaje?" akauliza. "Hakuna namna ya kumrudisha?"

Mama Husna naye akanitazama. Nikaushika mtandio wangu, nikautengeneza begani.

"Hakuna, baba."

Akaugeuza uso wake, akanitafuta kwa lile tundu mpaka akanipata. Mkono wangu ulikuwa bado begani, unatengeneza mtandio.

"Basi kaufunge," akasema.

*

Niliingia peke yangu, nikakaa kwenye jamvi. Mikono ikatokea na kidole chake. Sikusuka nayo. Nilikusanya miale ya upande wangu, nikaipitisha chini kwa chini kama tulivyofanya na mama kwenye ukili wa bibi, nikakaza fundo. Mikono ya mtambo ikasita. Haikuwahi kuonyeshwa mwisho. Mama hakuufikia, nami niliukataa. Ikabaki inaelea juu ya lile fundo, inalipapasa, na mimi nikamwombea mama mle gizani kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. Siku zote nilikuwa namsalimia tu.

Kisha chini, karibu na magoti yangu, miale mipya ikachomoza na mikono ikaanza ukili mwingine. Inaanza yenyewe, polepole, haina mtu wa upande wa pili. Nilimwona mama Husna kasimama mlangoni, kanga kaishika mdomoni. Nikamwashiria aingie, akaja akaketi nyuma yangu.

Ikasuka. Mwaa juu, mwaa chini, bana, legeza. Dole gumba linafuata. Ilipita mahali pa kuruka, haikuruka. Ikapita tena. Nikasikia mama Husna anashusha pumzi. Tukakaa mpaka shingo ikaniuma, na ukili mpya ukawa umefika ukutani, umenyooka, hauna kosa hata moja, safi kama nilivyoufundisha. Nikaanza kuona kwamba nimeshamaliza wote wawili na nimechelewa.

Ndipo ikaruka.

Ni mwaa mmoja tu. Ilisita, ikarudi, ikaukamata, ikaendelea. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe kwenda kufumua. Nikaivuta nikaikalia.

"Huyo," mama Husna akasema nyuma yangu. "Umemwona?"

"Nimemwona."

Nikavua bangili, nikazirudisha kwenye kibao chake. Nilimwambia abaki kadiri apendavyo, na kwamba kuanzia siku ile ukili utakuwa wake, hatakuja mtu jioni. Hakunielewa. Alinishukuru tu kwa adabu, macho hakuyatoa kwenye mikono.

Baba nilimkuta mapokezi, keshakaa na kiatu kimoja kakivaa mguu usio wake. Nikapiga goti, nikamvua, nikamvisha upya, nikafunga kamba.

"Umeufunga?"

"Nimeufunga."

"Vizuri." Akaniwekea mkono kichwani, akapapasa mpaka akaufikia mtandio. "Mama yako naye akinidanganya alikuwa anatengeneza mtandio. Hivyohivyo, begani. Sikuwahi kumwambia kwamba najua."

Niliendelea kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Namshukuru Mungu nimemwona," akasema. "Haya, twende. Nipe mkono, ngazi siioni."

Nikampa ule uliokuwa karibu. Akaupapasa, akakikuta kile kidole kilichosimama, akakishika hichohicho.

"Kinauma?"

"Hakiumi, baba. Hakisikii kitu."

Akakishika vivyo hivyo mpaka kwenye gari.